JARAMOGI OGINGA ODINGA: MAKAMU WA RAIS ALIYEACHA KITI CHAKE

Mhariri alipotutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kutangulia mbele ya haki, wenzangu wengi katika kidato cha tatu waliwakimbilia wanasoka na waimbaji. Mimi nimemchagua mzee ambaye jina lake tunalikanyaga kila siku tukienda mjini, maanake barabara kubwa ya Kisumu imeitwa kwa jina hilo. Ndiye Jaramogi Ajuma Oginga Odinga.

Najua mtasema, aka, huyu tumemsikia tangu chekechea! Kweli. Jina lake liko barabarani, liko kwenye chuo kikuu kule Bondo, na liko kwenye hospitali kuu ya hapa Kisumu. Lakini mwenzangu, ukisimamishwa sasa hivi uulizwe ni nini hasa alichofanya, utajibu nini? Wengi wetu tutasema alipigania uhuru, kisha tunyamaze kimya. Mimi nataka kusimulia jambo moja kubwa la maisha yake. Mwezi wa Aprili mwaka 1966, akiwa mtu wa pili kwa ukubwa nchini Kenya, alijiuzulu. Akaacha gari la serikali, bendera na walinzi. Nataka tuone ni kwa nini aliacha, na hasa tuone Bunge letu lilipatwa na nini baada ya hapo, kwa sababu jambo lile halijaisha mpaka leo.

Kuzaliwa na masomo

Odinga alizaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, sehemu za Bondo, si mbali na ufuo wa Ziwa Viktoria. Alisoma Maranda, kisha Maseno, akaenda Alliance, na hatimaye akafika Makerere kule Uganda alikopata stashahada ya ualimu. Siku hizo Mwafrika kufika Makerere halikuwa jambo la mchezo. Aliporudi akawa mwalimu Maseno, na baadaye akawa mkuu wa shule ya mifugo iliyokuwa hapo hapo Maseno.

Alibatizwa majina ya kizungu lakini baadaye akayaacha, akabaki na majina ya ukoo wake. Hata watoto wake aliwapa majina ya Kiluo wakati wamishonari walipodhani kwamba Mkristo asiye na jina la kizungu si Mkristo kamili. Katika miaka ya arobaini akauacha ualimu, kwa kuwa hakupenda kuamrishwa na Mzungu kila kukicha. Akaingia biashara. Wasomaji, liwekeni jambo hili akilini: mtu huyu alijua kuacha kazi hata kabla ya siasa.

Biashara yenyewe ilikuwa ya watu wengi. Mwaka 1947 chama cha Luo Thrift and Trading Corporation kiliandikishwa, naye akakiongoza. Watu wa kawaida, wavuvi, wakulima na wafanyakazi wa reli waliombwa watoe senti zao ili zikusanywe zifanye kazi kubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Chama kikajenga, kikafanya biashara, na kikawa na mtambo wa kupiga chapa magazeti. Odinga alizunguka Nyanza nzima, na hata nchi jirani walikokuwa Wajaluo wa kazi, akiomba watu wanunue hisa. Katika miaka ya hamsini akawa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union, na watu wakamwita Jaramogi, maana yake mtu wa Ramogi, yule babu wa Wajaluo wote.

Kuingia Bungeni

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyenyewe vilikuwa vinane tu! Odinga alisimama Nyanza ya Kati akamshinda Ohanga, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa waziri katika serikali ya mkoloni.

Mwaka uliofuata, 1958, alisimama barazani akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio waliokuwa viongozi wa kweli wa watu. Ukumbi ukachafuka. Wazungu walipiga kelele, na hata baadhi ya Waafrika wenzake waliogopa kuwa karibu naye, kwani jina la Kenyatta wakati huo lilikuwa kama moto. Lakini baada ya muda mfupi wote wakawa wanaimba wimbo huo huo. KANU ilipoundwa mwaka 1960 Odinga akawa naibu wa rais wa chama. Mwaka 1961 KANU ilishinda uchaguzi ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta atoke. Akatoka mwezi wa Agosti mwaka huo.

Basi Juni 1963 Kenyatta akawa Waziri Mkuu, naye Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tukapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, cheo cha Waziri Mkuu kikaondolewa, Kenyatta akawa Rais na Odinga Makamu wa Rais.

Bunge la wakati huo

Hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo, kwa maana bila kulijua Bunge la siku zile hadithi hii haitaeleweka. Bunge la uhuru lilikuwa na nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Seneti ilikuwa na watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, KANU ya serikali na KADU ya upinzani.

Mwezi wa Novemba 1964 KADU ilijivunja. Wabunge wake wakiongozwa na Ronald Ngala wakahamia upande wa serikali. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa arudi kwanza nyumbani akawaulize wapiga kura wake. Walipokelewa kwa vifijo na shangwe. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Kuanzia hapo hakukuwa na upinzani wa chama Bungeni. Lakini hata ndani ya KANU watu hawakuwa kitu kimoja. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya ardhi. Mashamba ya Wazungu yalikuwa yakinunuliwa kwa mikopo, na asiye na pesa hakupata kitu. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, aliona si haki mtu kununua tena ardhi ambayo alinyang'anywa. Odinga aliona vivyo hivyo. Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya marafiki wa ng'ambo. Odinga alikuwa na uhusiano mzuri na Urusi na Uchina, na wengine serikalini, kama Tom Mboya, walielekea zaidi Uingereza na Marekani. Dunia nzima wakati huo ilikuwa imegawanyika hivyo. Mwezi wa Februari 1965, Pio Gama Pinto, mbunge na rafiki mkubwa wa Odinga, akapigwa risasi na kuuawa Nairobi. Baada ya hapo kuaminiana kukaisha kabisa.

Siku ya kujiuzulu

Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wake Limuru. Hapo ndipo cheo cha naibu wa rais wa chama kilipofutwa, na badala yake kukawa na manaibu wanane, mmoja wa kila mkoa na mmoja wa Nairobi. Odinga hakufukuzwa kwa maneno. Kiti chake cha chama kilikatwa vipande vinane, na asipewe hata kimoja. Bado alikuwa Makamu wa Rais wa nchi, lakini ni makamu gani huyo ambaye chama kimemkataa? Ni sawa na kiranja mkuu ambaye walimu hawamwambii lolote na wanafunzi wanajua haambiwi.

Tarehe 14 Aprili 1966 akajiuzulu. Akatoka na KANU pia. Baada yake akafuata Achieng Oneko, mwana wa Uyoma, ambaye alikuwa Waziri wa Habari na ambaye naye alifungwa na Kenyatta. Kaggia akatoka. Wabunge na maseneta wakawa wanatoka mmoja mmoja, kisha kwa vikundi. Chama kipya cha Kenya People's Union, yaani KPU, kikazaliwa, Odinga kiongozi na Kaggia naibu wake.

Nyanya yangu alikuwa msichana wa shule ya msingi wakati huo. Husema anachokumbuka yeye ni watu wazima wamejazana kwenye redio moja ya kijiji, wote kimya, na watoto wakafukuzwa wasipige kelele. Hakuelewa kitu. Aliona tu kwamba jioni ile hakuna aliyeuliza samaki wamepikwa au la.

Bunge lafanya nini?

Sasa tufike penyewe. Kiongozi anapojiuzulu, Bunge linaweza kukaa likajiuliza, huyu ameondoka kwa nini, na je, ana ukweli? Bunge la 1966 halikufanya hivyo. Mwishoni mwa mwezi huo huo wa Aprili, wiki mbili tu tangu Odinga aondoke, liliitwa likapitisha marekebisho ya Katiba mbio mbio. Sheria ikasema kwamba mbunge anayetoka katika chama kilichompeleka Bungeni lazima apoteze kiti chake na arudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliokuwa wamehama waliposikia sheria hiyo inakuja walijaribu kurudi KANU haraka. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki.

Wenzangu, mnaikumbuka KADU ya 1964? Waliohamia serikalini hawakuulizwa neno. Waliotoka serikalini mwaka mmoja na nusu baadaye wakatungiwa sheria. Jambo ni lile lile la kuhama chama, tofauti ni upande tu. Mimi nilipolisoma hili nililisoma mara mbili.

Hata hivyo, tusiwe watu wa upande mmoja. Sheria yenyewe ukiitazama bila kumtazama aliyeitunga si mbaya. Mwananchi alikuchagua ukiwa na kofia hii, ukivaa kofia nyingine basi rudi umuulize. Katika mjadala wetu wa darasa wengi walisema hivyo, nami sikuweza kuwapinga. Sheria nzuri inaweza kutungwa kwa nia ya kumkomesha mtu.

Viti 29 vikawa wazi, na mwezi wa Juni 1966 chaguzi zikafanywa zote pamoja. Watu wakauita uchaguzi mkuu mdogo. KPU haikupewa nafasi sawa. Ilikuwa changa, muda ulikuwa mfupi, na serikali na redio vilikuwa mikononi mwa KANU. Matokeo yalikuwa haya: KANU viti 20, KPU viti 9. Kati ya hivyo tisa, saba vilikuwa vya Baraza la Wawakilishi na viwili vya Seneti. Odinga alishinda Bondo kwa kishindo, na Nyanza ya Kati yote ikawa ya KPU. Lakini Kaggia alianguka Kandara na Oneko akaanguka Nakuru.

Ajabu ni kwamba ukijumlisha kura za nchi nzima, KPU ilipata nyingi kuliko KANU. Yawezekanaje? Ni kama timu inayoshinda mechi mbili kwa mabao kumi kumi, halafu inafungwa mechi tano kwa bao moja moja. Mabao inayo, lakini kombe haipati. Huku kwetu watu walijitokeza kupiga kura kama siafu, na kwingine hawakujitokeza hivyo.

Milango yafungwa mmoja mmoja

Kuanzia hapo fuateni miaka kwa makini. Mwezi huo huo wa Juni 1966 Bunge liliipa serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi hata wakati wa amani, na mwezi wa Agosti baadhi ya watu wa KPU wakaanza kukamatwa. Mwisho wa mwaka huo Seneti ikavunjwa, maseneta wakaingizwa katika nyumba moja na wabunge wengine, na muda wa Bunge ukaongezwa. Sisemi Seneti ilivunjwa kwa sababu ya Odinga, la. Serikali haikuipenda tangu mwanzo. Lakini mwaka ni ule ule, na Bunge ni lile lile lililokwisha kuzoea kubadilisha Katiba.

Mwaka 1968 wagombea wa KPU katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya walikataliwa wakiambiwa hati zao zina makosa. Mwaka huo huo Katiba ikabadilishwa tena, ikakataza mtu kugombea ubunge bila chama. Ziunganisheni sasa sheria hizo mbili. Ya 1966 ilisema ukitoka chamani unapoteza kiti. Ya 1968 ikasema bila chama huwezi kukipata. Ulibaki mlango mmoja tu wa mbunge asiyekubaliana na KANU, nao ni KPU.

Mlango huo ulifungwa mwaka 1969, na ulifungwa hapa hapa Kisumu. Tarehe 5 Julai Tom Mboya, mwana wa Rusinga, aliuawa kwa risasi Nairobi. Nyanza ililia na kukasirika. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, msaada ambao Odinga alisaidia kuupata. Wazee mpaka leo wanaiita Russia. Odinga alikuwepo. Watu walipiga kelele, Rais na Odinga wakarushiana maneno makali hadharani, vurugu zikazuka, na askari wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Waliokuwepo husema walikuwa wengi zaidi, na walikuwemo watoto wa shule waliopangwa kando ya barabara kumlaki Rais. Watoto wa shule, kama sisi.

Siku tano baadaye, tarehe 30 Oktoba 1969, KPU ikapigwa marufuku. Odinga na wabunge wenzake wakawekwa kizuizini. Bunge likabaki na chama kimoja. Watu wengi hudhani Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kuanzia 1982 Katiba ilipoandikwa hivyo. Kwa vitendo ilianza 1969, na mizizi yake ni Aprili 1966.

Maisha baada ya hapo

Odinga alitolewa kizuizini mwezi wa Machi 1971. Akarudi KANU, maana hapakuwa na kwingine. Lakini chama kilimkatalia kugombea mwaka 1974, kikamkatalia tena 1979. Rais Moi alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba, na mwaka 1981 mbunge wa Bondo akakubali kumwachia kiti. Kabla ya uchaguzi mzee akamsema vibaya marehemu Kenyatta kuhusu ardhi, na nafasi ikayeyuka kama barafu juani. Mwaka 1982 alifukuzwa KANU, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo akafungiwa nyumbani kwake Kisumu. Mwanawe Raila akawekwa kizuizini miaka mingi. Huyo ndiye Raila Odinga aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Kenya kati ya 2008 na 2013, na ambaye tulimzika Bondo Oktoba 2025.

Hesabuni wenyewe. Mtu aliyekuwa wa pili nchini mwaka 1966 hakukalia kiti cha Bunge tangu 1969 mpaka uchaguzi wa 1992. Miaka 23! Mwaka 1991, akiwa na umri wa karibu miaka 80, akawa mmoja wa walioanzisha FORD kudai vyama vingi, na mwezi wa Desemba mwaka huo sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Kisha FORD ikagawanyika, na katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 mzee akawa wa nne kwenye urais. Hata hivyo alipata ubunge wa Bondo, na mwaka 1993 akawa Kiongozi Rasmi wa Upinzani Bungeni. Aliingia na ile kofia yake ya shanga na usinga mkononi, mahali alipotolewa akiwa mtu wa miaka hamsini na kitu.

Nami sitamfanya malaika. Mwaka huo wa 1993 alikiri kupokea pesa kutoka kwa mfanyabiashara aliyetajwa katika kashfa ya Goldenberg, akisema zilikuwa za kazi ya chama. Wengi waliompenda walivunjika moyo, na viongozi wengine wakajiuzulu vyeo vyao chamani. Kumbe hata anayejua kujiuzulu huweza kujiuzuliwa! Odinga alifariki hapa Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa kwao Bondo.

Tunajifunza nini?

Sheria ya 1966 iliishi kuliko aliyetungiwa. Baada ya uchaguzi wa 1992, wabunge kadhaa wa upinzani walipovutwa kurudi KANU, ilibidi wapoteze viti na chaguzi ndogo ziitishwe. Sheria iliyotungwa kumwadhibu Odinga sasa ikawa inawasumbua waliokuwa wakivihama vyama vya upinzani, kikiwemo chake mwenyewe. Hata Katiba ya 2010 inasema mbunge anayejiuzulu kutoka chama chake hupoteza kiti. Ila Katiba hiyo imefungua milango iliyokuwa imefungwa. Mgombea huru anaruhusiwa, vyama vingi viko, na Seneti imerudi tangu uchaguzi wa 2013.

Wenzangu wengine huniuliza, je, Odinga alifanya vyema kutoka? Si angevumilia ndani labda angekuwa Rais? Wazee wawili wa mtaani kwetu hubishana juu ya hili kila wakikutana kwenye kibanda cha magazeti. Mmoja husema aliitia Nyanza njaa ya miaka mingi, kwani barabara na viwanda vilikwenda kwingine. Wa pili humjibu kwamba makamu asiye na kazi angekuwa mapambo tu, na mapambo hayaleti barabara. Mimi naona wote wana la kusema. Ila lawama ya yaliyotokea siwezi kumtwika aliyejiuzulu peke yake. Kujiuzulu ni ruhusa. Nchi ambayo kiongozi anaweza kuacha kiti, akaenda kwa wapiga kura akashinda, akarudi akakaa upande wa pili na kusema, hiyo nchi ni nzima. Odinga alifanya yote hayo mwaka 1966. Alirudi Bondo, akaulizwa, akajibiwa ndiyo. Kilichoharibika ni kwamba Bunge halikumwachia nafasi ya kukaa upande huo wa pili kwa amani.

Basi tukipita pale hospitali ya Russia, ambayo sasa inaitwa Jaramogi Oginga Odinga, tukumbuke kwamba hapo ndipo Rais na aliyekuwa makamu wake walipoonana kwa hasira, na watu wasio na cheo chochote ndio waliokufa. Na katika vyama vyetu hapa shuleni, ikiwemo hiki cha Kiswahili, mwenzetu akisema ameacha uongozi tusimzomee wala tusimtungie sheria usiku huo huo. Tumwulize kwanza kwa nini.

Nakomea hapo kwa sasa, wasomaji, kengele imelia. Nawatakia masomo mema na mtihani mwema kwa ndugu zetu wa kidato cha nne.